Cheche Iliyochelewa: Nilivyojifunza Kutafuta Chanzo cha Kosa

Katika kazi zote atakazozifanya mwalimu wa shule ya msingi, kusahihisha madaftari ni miongoni mwa zile zinazochukua saa nyingi zaidi, na pengine ndiyo tunayoifundisha kwa maneno machache zaidi. Tunamfundisha mwalimu kijana namna ya kuandaa somo, kutunga maswali, kutumia zana na kupanga ubao. Juu ya kosa la mwanafunzi, aghalabu twamwambia alitie alama, kisha arudie somo. Mimi nami nilifanya hivyo kwa miaka sita. Aliyenionyesha kwamba kurudia somo si lazima kuwe ni kutibu kosa hakuwa mkaguzi wa shule wala mkufunzi, bali fundi wa magari aliyefanya kazi chini ya mti. Nakusudia kueleza aliyonifundisha. Msomaji asiyeijua injini asiwe na shaka, maana nami sikuijua.

Mwaka 1986 nilikuwa nikifundisha hisabati darasa la nne katika shule moja iliyo karibu na barabara kuu ya Morogoro na Iringa, upande wa juu wa mlima Kitonga. Marehemu mjomba wangu alikuwa ameniachia gari aina ya Volkswagen 1300 la mwaka 1969, lile lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Magari ya umbo hilo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, hata la mwisho likatoka kiwandani nchini Mexico mwezi Julai 2003. Na mwaka 1962 moja lao lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. La kwangu halikuwa na dalili ya ushindi wowote. Kwenye tambarare lilikwenda kama mtu aliyekosa usingizi, na kwenye kilima lilisimama.

Siku moja niliteremka nalo hadi Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Wakati wa kurudi, mlima Kitonga ulinishinda mara tatu. Malori yalipiga honi nyuma yangu, injini ikanuka joto, nami nikasukuma jiwe chini ya gurudumu na kungoja ipoe. Kijana mmoja aliyekuwa akipita aliniambia, "Mwalimu, hilo taimingi imechelewa. Ligeuzie kidogo." Alilegeza distribyuta kwa spana, akaizungusha huku injini ikinguruma, akatega sikio. Injini ikaimba kwa sauti ya juu zaidi. Nilimshukuru na kumpa vitunguu. Nusu saa baadaye, kwenye mwinuko, tulianza kusikia kitu kikigonga ndani ya injini kama kokoto katika kopo.

Juma lile nilijaribu kuitengeneza mwenyewe. Siku ya Jumamosi nilibadili plagi zote nne, nikasafisha kabureta, nikapanua mwanya wa pointi, kisha nikaizungusha tena distribyuta kwa kusikiliza, kama nilivyomwona yule kijana akifanya. Jioni gari lilikuwa baya kuliko asubuhi. Kila nilipotaka kuliwasha lilirusha teke, na bado halikuwa na nguvu.

Katika juma hilohilo nilitenda jambo jingine ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Katika darasa langu alikuwapo binti mmoja, mtiifu na mwenye hati nzuri, ambaye hesabu za mgawanyo zilimshinda. Leo alipata, kesho alikosa. Nilirudia somo mara nne. Nilimhamishia dawati la mbele, nikampa kitabu kingine, nikamtisha kwa fimbo, na mwisho nikawa nampa hesabu nyepesi peke yake, ili angalau daftari lake lionekane na alama za vema. Baba yake, mkulima wa nyanya, alikuja kuuliza habari za mtoto. Nilimwambia, "Mzee, binti yako hana utovu wa adabu hata kidogo. Lakini hesabu haziingii. Nadhani ndivyo kichwa chake kilivyo." Baba yule alitazama chini, akasema, "Kama haziingii, Mwalimu, basi heri anisaidie shambani." Sikumjibu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimu mzazi kumsomesha mtoto wake shule ya msingi, nami niliijua vema sheria hiyo. Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyempa sababu ya kuivunja. Jumatatu iliyofuata dawati la mbele lilikuwa tupu.

Siku chache baadaye nililiburuta gari hadi Ilula, kwa fundi mmoja mzee niliyeelekezwa na wenzangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Linaumwa nini?"

Nilianza kumweleza kwamba taimingi imeharibika. Alinikatiza kwa upole. "Hilo ni jina la ugonjwa. Mimi nimeuliza linafanyaje." Nikamweleza teke, mgongano na uchovu wa mlimani. Akauliza tena, "Nawe umeshabadili nini?" Nilimtajia plagi, kabureta, mwanya wa pointi na distribyuta. Akauliza, "Yote kwa siku moja?" Nikakubali. Akasema, "Basi hata kama moja lilisaidia, hukulijua, na kama moja liliharibu, hukulijua. Tuyarudishe yote mahali pake, moja moja, tukilitazama gari kila mara."

Alipokuwa akifanya kazi alinieleza, kwa sababu aliona nauliza kama mwanafunzi. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuugandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa. Cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko huo, nao unapowaka huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Mtu angedhani kwamba cheche yafaa itoke pistoni inapofika kileleni hasa. Sivyo. Moto hauenei papo hapo. Huhitaji sehemu chache za elfu ya sekunde. Kwa hiyo cheche hutangulia kidogo, ili nguvu ya moto ifike wakati pistoni imekwisha kugeuka na kuanza kushuka. Kwa injini ile yangu, ikiwa imetulia, cheche ilitakiwa kutoka nyuzi 7.5 za mzunguko wa kranki kabla ya kilele. Ikiwahi mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda. Ndipo injini hugonga, na mtu anapoiwasha hurusha teke. Ikichelewa, moto huifuata pistoni ambayo imeshakimbia. Nguvu hupotea na joto huongezeka.

Kisha alikuja kwenye pointi, yaani vile vidomo viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta ambavyo hufunguka ili cheche itoke. Mwanya wake ulitakiwa uwe milimita 0.4. "Ulipanua huu," alisema, "ukadhani umegusa mwanya peke yake. Mwanya ukiwa mpana, pointi hufunguka mapema, na cheche huwahi. Ukiwa mwembamba, hufunguka kwa kuchelewa, na cheche huchelewa. Kwa hiyo mwanya hutangulia, taimingi hufuata. Ukianza na la pili, la kwanza litakuja kulivuruga." Alipima mwanya kwa bamba jembamba la chuma, akakaza, akapima tena.

Baada ya hapo hakutumia sikio. Aliizungusha injini kwa mkono hadi rota ilipoelekea kwenye alama ya silinda ya kwanza, na alama ya kwenye puli ikalingana na ule mstari wa katikati ambapo nusu mbili za mwili wa injini huungana. Akaunganisha taa ndogo, waya mmoja kwenye waya mwembamba utokao koili kwenda distribyuta, wa pili kwenye chuma cha gari. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Pointi zikiwa zimefungwa, taa huzimika, zikifunguka, huwaka. Aliigeuza distribyuta upande wa mshale wa saa hadi taa ikazimika, kisha akairudisha kinyume, polepole sana, hadi ikawaka. Hapo hapo akakaza. Kisha akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, na taa ikawaka palepale alama ilipofika kwenye mstari. "Sasa," alisema, "tunajua kitu kimoja."

Tulilijaribu gari. Liliwaka bila teke, na kugonga kukakoma. Nilifurahi na kutaka kumlipa. Lakini yeye alilipeleka kwenye mwinuko, na huko likachoka vilevile. Nikasema, "Basi taimingi bado haiko sawa." Akanijibu, "Iko sawa likiwa limesimama. Hatujauliza inakuwaje likienda."

Maneno hayo yanataka maelezo. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, kranki hupita nyuzi 5.4 tu katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikizunguka mara 3,000, hupita nyuzi 18 katika muda uleule. Moto haupati muda wa kutosha, kwa hiyo cheche inapaswa kuwahi zaidi kadiri mwendo unavyozidi. Katika distribyuta ya gari langu, kazi hiyo ilifanywa na kikopo kidogo kando yake, chenye kiwambo chembamba ndani. Mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta hukivuta kiwambo, nacho hulivuta lile bamba lenye pointi, na cheche ikawahi. Mzee aliuchomoa mpira mwembamba kwenye kabureta, akautia mdomoni na kufyonza huku akilitazama bamba. Halikusogea. Akafyonza tena, kisha akanipa mpira. Nilivuta hewa bila kizuizi chochote, kama mtu anayefyonza mrija mtupu. Kiwambo kilikuwa kimepasuka.

Hapo nilielewa mambo yote mawili. Cheche ilikuwa ikichelewa kweli, lakini ilichelewa wakati gari lilipokuwa mwendoni tu. Yule kijana wa Kitonga aliitibu dalili kwa kuiwahisha cheche wakati wote. Injini ikaimba pale iliposimama, na kosa likajificha nyuma ya kosa jipya. Vipuri vilikuwa adimu miaka ile. Tulipata kikopo kizima kwenye gari lililokufa huko Iringa mjini, baada ya siku tisa. Siku ya kumi nilipanda Kitonga bila kusimama.

Lakini usiku ule wa kwanza, kabla hata kipuri hakijapatikana, sikuwaza gari. Nilitoa daftari la yule binti, lililobaki katika rundo langu, nikalisoma. Nasema nikalisoma, kwa kuwa hapo awali nilikuwa nalitia alama tu. Zoezi la mwisho lilikuwa na hesabu 12 za mgawanyo. Alipata tano, akakosa saba. Swali la 504 gawanya kwa 6 alijibu 830, baki 4. Swali la 312 gawanya kwa 4 alijibu 743. Lakini 432 gawanya kwa 8 alijibu 54, nalo ni jibu sahihi. Awali majibu kama 830 na 743 nilikuwa nimeyachora msalaba mwekundu na kuandika pembeni, "Fikiri!"

Nilifuata hatua zake moja moja, kama mzee alivyofuata zake. Katika 504 gawanya kwa 6, alisema sita katika hamsini huingia mara nane. Sahihi. Sita mara nane ni 48. Sahihi. Kisha akatoa 48 katika 50, akapata 18. Hapo ndipo palipopasuka. Katika mamoja hakuweza kutoa 8 katika 0, basi akageuza, akatoa 0 katika 8 na kupata 8. Katika makumi akatoa 4 katika 5 na kupata 1. Akashusha 4, akapata 184. Sita katika 184 huingia mara 30 na kubaki 4, naye akaandika 30 mbele ya 8. Hatua zote zilizofuata zilikuwa sahihi kabisa. Katika 312 gawanya kwa 4, alitoa 28 katika 31 kwa njia ileile, akapata 17. Nilizipitia zile saba alizokosa: zote zilihitaji kukopa katika kutoa. Zile tano alizopata hazikuhitaji.

Binti yule alijua kugawanya. Hakujua kutoa kwa kukopa, jambo la madarasa ya chini. Mimi nilimrudishia mgawanyo mara nne, kwa sauti kubwa zaidi kila mara. Na zile hesabu nyepesi nilizompa, kama 639 gawanya kwa 3, hazikuhitaji kukopa hata mara moja. Ndiyo maana daftari lilipendeza. Nilikuwa nimeizungusha distribyuta hadi injini ikaimba.

Jumamosi nilikwenda kwao kwa miguu. Baba yake alinikaribisha, akaniwekea kigoda. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba kichwa cha mtoto hakina kasoro, na kwamba mwalimu ndiye hakutazama. Haikuwa rahisi kuyasema maneno hayo mbele ya mtu mzima aliyekuwa ameniamini. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Una hakika sasa, Mwalimu, au utakuja tena kuniambia vingine?" Nilimwomba aniruhusu nimwonyeshe. Tulikusanya vijiti, tukavifunga kwa kamba mafungu ya kumi kumi. Nilimpa binti mafungu matano, nikamwomba anipe vijiti 48. Alinipa mafungu manne, kisha akasita, akitazama fungu lililobaki. Nilijizuia nisiseme neno. Baada ya muda alilifungua, akanihesabia vijiti vinane. "Vimebaki vingapi?" aliuliza baba yake. Alisema, "Viwili," na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka kwa sababu ya hesabu.

Alirudi shuleni baada ya mavuno ya nyanya, akiwa amepoteza majuma matano kwa neno langu moja. Tulifanya kazi ya vijiti, kisha ya kuandika, kwa muda wa majuma mawili. Baadaye tukarudi kwenye mgawanyo, nao haukuhitaji kufundishwa upya. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa mtoto anayejua kugawanya, na alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake.

Ndugu walimu wanafunzi, tangu wakati ule nimejiwekea desturi nne katika kusahihisha, nami nawapeni mzijaribu katika mazoezi yenu ya kufundisha.

Kwanza, usilipe kosa jina kabla hujalitazama. "Mzembe," "mzito" na "hesabu haziingii" ni majina, wala hayaonyeshi mtoto amefanya nini. Fuata hatua zake hadi utakapoikuta ile ya kwanza iliyopotoka. Huenda zinazofuata zote ni sahihi.

Pili, chunguza lililotangulia kabla ya linalofuata. Mgawanyo hutegemea kutoa, kutoa hutegemea thamani ya nafasi. Ukilitengeneza la juu huku la chini limelegea, kazi yako itaharibika kila siku.

Tatu, badili jambo moja, kisha tazama. Mwalimu anayebadili dawati, kitabu, sauti na fimbo katika juma moja hatajua kamwe ni lipi lililosaidia na lipi lililodhuru.

Nne, usiridhike na jibu linalopatikana likiwa limesimama. Mtoto huweza kutaja jedwali zima la kuzidisha, au kufaulu katika hesabu ulizomchagulia, kisha akakwama zinapomjia zikiwa zimechanganyika. Mpe swali lenye mwinuko, umtazame anavyopanda.

Lile gari niliendelea nalo kwa miaka mingine kumi na mmoja. Ule mpira mwembamba nilikuwa nikiuchomoa na kuufyonza mara moja kila mwezi, ingawa gari halikuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Na daftari la binti yule, lenye misalaba saba mikundu na neno "Fikiri!" pembeni, sikumrudishia. Nilimnunulia jipya. La zamani ningali nalo, na kila mwaka nilipopokea darasa jipya nililifungua kabla ya kushika kalamu nyekundu.